Sanduku Lililodai Kanuni

Usiku wa kuamkia Jumatatu niliota nimesimama juu ya ulimi wa zimwi, nimeshika kalamu na karatasi. Jua lilikuwa la saa nne asubuhi. Sikuona ajabu yoyote. Kazi yangu ni kupanga mgawo wa nyara katika mchezo wa mtandaoni, ule ambao watu wanne wasiojuana huungana kumvamia zimwi mmoja, na siku hiyo nilitakiwa kupeleka ofisini kanuni mpya. Ya zamani ilikuwa imetufukuzia waganga. Mchezo mzima walikuwa wamebaki kumi na tisa, na kikosi kisicho na mganga hakifiki hata kwenye meno.

Zimwi alikuwa amekufa dakika chache kabla.

"Msinijali," alisema. "Endeleeni."

Kikosi kilichomuua kilikuwa kimesimama karibu na gego la mwisho. Kulikuwa na Kibwe, mwenye upanga, jasho likimtiririka. Kulikuwa na Ngusa, mbeba ngao, na ngao yake imebonyea kama sufuria ya shule. Pazi, mpiga mishale, alikuwepo mwili tu. Mwenyewe alikuwa ameenda kwake kusonga ugali, akauacha mwili umesimama. Wa nne alikuwa Bi. Mwanakheri, mganga, mama wa makamo mwenye miwani, ambaye kwa saa nne hakufanya jingine ila kufunga majeraha ya wenzake.

Katikati yao palikuwa na sanduku. Likakohoa.

"Nani mwenye kanuni?"

"Mimi," nikasema. "Naitwa Shemsa."

"Soma. Nitafanya kama ilivyoandikwa. Mimi si wa kukisia."

Nikaisoma ile ya zamani kwa sauti, maana niliiandika mwenyewe na nilikuwa bado naiamini. "Kila mtu apate kwa kadiri alivyopiga."

Sanduku linafunguka. Kibwe amepiga mara elfu nne, kwa hiyo zinamwangukia panga elfu nne, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu, mpaka inaonekana kofia yake tu.

"Nimefurahi," anasema kutoka ndani ya rundo, "ila siwezi kutoka."

Ngusa anapata visu viwili. Mwili wa Pazi unapata unyoya wa mshale. Bi. Mwanakheri hakupiga hata mara moja, kwa hiyo sanduku linamkabidhi sifuri. Ni ya chuma, kubwa kama ringi ya baiskeli, na anaishika kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo kazi yangu ya saa nne?" akaniuliza.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nimeuliza swali."

"Kwa mujibu wa kanuni, ndiyo."

"Haya. Kama sikufanya kitu, basi nakichukua hicho nisichokifanya, naondoka nacho."

Akaiegemeza ile sifuri kwenye jino, akavuta ncha ya uzi. Majeraha yote aliyoyashona yakaanza kufunguka. Ngusa akakaa chini. Ndani ya rundo Kibwe akapiga kelele, "Mguu wangu!" Bi. Mwanakheri alikuwa anakunja uzi wake taratibu, akielekea kwenye midomo.

Nikamkimbilia. Nilipofika, mdomo ulikuwa umegeuka ofisi ya kata, na sote tulikuwa kwenye foleni, zimwi akiwa wa kwanza. Sanduku lilikuwa limekaa nyuma ya dirisha.

"Kanuni nyingine," likasema.

"Nyara zigawanywe sawasawa."

Kofia ya chuma ilikuwa moja. Sanduku linaikata kwa msumeno vipande vinne, bila haraka. Kibwe anakipachika cha kwake upande mmoja wa kichwa.

"Kinalinda sikio," anasema, na damu inaendelea kumtoka.

Bi. Mwanakheri alirudisha kipande chake dirishani. "Hiki hakifai hata kuchotea chumvi. Na huyu Pazi, aliye jikoni kwake, naye amepata sawa na mimi?"

Nikasema basi tumwite Bahati, agawe kwa kubahatisha. Bahati akatoka chumba cha pili, amevaa kandambili, uso wa mtu aliyefanya kazi zamu mbili. Akatia mkono kwenye gunia bila kutazama, akampa Ngusa kiatu cha kushoto.

"Hiki ni cha kumi na moja," Ngusa akasema. "Vyote vya kushoto."

"Mimi sikumbuki watu," Bahati akajibu. "Kila siku naanza upya."

"Kwa nini hukumbuki?" nikamuuliza.

"Hujaniandikia nikumbuke."

Kibwe alikuwa amepauka mno. Nilikuwa naliona tangazo la chanjo ukutani kupitia tumboni mwake. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Tangu nianze kazi hii nimehesabu mapigo tu, kwa sababu mapigo yanahesabika kirahisi. Nikamgeukia mtu pekee ambaye sikuwahi kumuuliza chochote.

"Samahani, marehemu. Nani aliyekuua?"

Zimwi alinyoosha shingo, akafurahi.

"Ndiyo kwanza naulizwa. Mwenye upanga alinikera. Mwenye ngao alinizuia. Lakini kila mmoja wao nilimmaliza mara saba, na mara zote saba yule mama akamsimamisha. Nilichoka, dada. Sikufa kwa upanga. Nilikata tamaa."

Foleni nzima ikanigeukia. Niliona aibu, halafu aibu ikapita haraka, kwa sababu sasa nilijua cha kuandika. Nikageuza karatasi nikaandika bila kufuta neno. Kila mtu ahesabiwe kwa alichofanya kikosi kikasimama, liwe pigo alilopiga, pigo alilozuia au jeraha alilofunga. Apewe fungu lake mwenyewe, linalofaa kazi yake, asigombanie na mwenzake. Asiyekuwepo asipewe. Na Bahati amwandike kila anayemkosesha; akimkosesha mara tano, ya sita mtu achague mwenyewe.

Bahati aliomba daftari. Nikampa.

Sanduku lilisoma mara mbili. "Hii naweza kuitekeleza mchana kweupe," likasema.

Rundo la panga linayeyuka, Kibwe anabaki na mmoja, mzuri. Ngusa anachagua kiatu cha kulia, kimoja tu, anasema kinatosha kuanzia. Mwili wa Pazi haupati kitu na haulalamiki.

"Na wewe, mama?" likauliza.

"Kiti."

"Kiti hakipo kwenye orodha."

"Nimesimama saa nne. Upanga nitaukalia?"

"Kiongeze kwenye orodha," nikaliambia sanduku.

"Nikitoe wapi?"

"Popote."

"Popote?"

"Andika popote," nikasema, kwa sauti ya mtu ambaye karatasi yake imekubali.

Bi. Mwanakheri akakaa. Akashusha pumzi ndefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akatoa uzi na sindano.

"Kibwe, leta mguu huo."

Niliamka saa kumi na mbili na nusu. Kabla sijanawa uso nilikuwa nimeshaiandika kanuni yote kwenye simu na kuituma ofisini, bila hata ile "naomba maoni yenu" ninayoiwekaga mwishoni. Mkuu wangu akajibu papo hapo kwamba wataanza nayo wiki hii.

Nikaenda sebuleni kunywa chai. Mume wangu, Hatibu, alikuwa amesimama na kikombe mkononi, anaitazama meza.

"Mama Rukia, kiti kimoja kiko wapi?"

Nikahesabu. Vilikuwa vitatu. Mlango ulikuwa bado umefungwa kwa komeo, na kwenye zulia, mahali pa kile cha nne, alama za miguu minne zilikuwa bado zimedidimia.

"Kipo kazini," nikamwambia, nikavuta kingine nikakaa.