Uso wa Mama, Kilobaiti Sitini na Nne

Mdogo wangu ndiye aliyemkata mama uso, na bado anataka nimwambie kwamba hakukusudia. Hakukusudia. Nimeshamwambia. Haijamsaidia yeye, wala mimi.

Anafanya kazi ofisi ya pensheni, chumba cha kompyuta. Nyumbani tunamwita Mhandisi, zamani kwa heshima, siku hizi kwa kejeli. Mama alifagia barabara za manispaa miaka ishirini na sita, na alipostaafu mimi ndiye niliyempeleka pale kupigwa picha ya faili. Kitambaa cha kichwani nilimfunga kwa mikono yangu, cha bluu. Hakupenda picha, alisema zinamzeesha. Alipokwisha kufariki, bomba la jikoni likapasuka, droo ya chini ikajaa maji na albamu yetu ikawa uji. Ikabaki picha moja tu duniani, ile ya ofisini kwao.

Kwa miezi minane nilimwomba anitolee nakala.

"Dada, vuta subira," alikuwa akisema. "Tunahamia mfumo mpya. Huko itatoka safi zaidi."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Siku ya kuhama nikafunika cherehani yangu, nikaenda kumkalia palepale, kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika mgongo. Chumba kilikuwa na baridi ya kiyoyozi na harufu ya vumbi lililochomwa. Mkuu wake aliingia kila baada ya robo saa akigonga saa yake ya mkononi, maana mashine ya zamani ilikuwa imeshapata mnunuzi.

Mhandisi alinieleza kazi yenyewe. Majina na namba za wastaafu ni vyepesi, vinahama upesi. Picha ndizo nzito. Kila moja hutolewa kwenye hifadhidata ya zamani, kisha huingizwa kwenye nafasi yake katika mpya. Akabonyeza. Mara kioo kikaanza kumwaga mistari ya njano, mingi kama mvua.

"Hiyo ya njano ni nini?"

"Maonyo tu, dada. Kazi yenyewe haijakataa."

"Yanaonya nini?"

Hakuyasoma. Aliandika neno moja, mistari ikakoma. Alisema yanapunguza mwendo, na mimi, mtu wa sindano na uzi, nikajiona mshamba kwa kuuliza.

Ilipokwisha, mkuu akasimama mlangoni. "Idadi imetimia?"

"Zamani elfu kumi na moja mia mbili na nne. Mpya elfu kumi na moja mia mbili na nne."

"Safi. Futa ya zamani."

"Nitolee kwanza picha ya mama," nikasema. Nilisema kwa sauti, mbele ya mkuu wake, na aibu ikamjaa usoni.

"Kesho, dada. Kwenye mpya. Usinitie aibu kazini."

Akafuta.

Kesho yake alikuja nyumbani na bahasha. Hakuketi. Nikatoa karatasi: kitambaa cha bluu, paji la uso, nyusi, macho mpaka katikati. Chini ya hapo, kijivu kitupu hadi ukingoni.

Nafasi ya picha kwenye hifadhidata mpya aliipima yeye mwenyewe: kilobaiti sitini na nne. Picha iliyozidi hapo haikukataliwa. Ilikatwa, ikaingia, ikahesabiwa. Hilo ndilo yale maonyo yalilokuwa yakisema, mara elfu kumi na moja. Nakala ya akiba ilikuwa ndani ya mashine ileile iliyofutwa. Mimi nikimkatia mteja gauni dogo, litambana na atapiga kelele dukani kwangu. Yeye alihesabu magauni tu.

"Mkuu anasemaje?"

"Walio hai wataitwa wapigwe picha upya."

"Na waliokufa?"

"Faili zao zinafungwa."

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo. Mkubwa wake ni mimi, hakunisikia, na miguu yake mizima. Mwezi uliofuata akapewa cheti kwa kuhamisha data ndani ya muda. Namchukia kwa cheti kile kuliko kwa yote.

Lakini siku ile ya bahasha sikupiga kelele. Nilimletea penseli. Nikamwambia tumalizie wenyewe tungali tunakumbuka: pua, mdomo, kile kidoti cha shavuni. Akachora pua vizuri tu. Akaweka kidoti shavu la kulia.

"Kushoto," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwosha uso ule mpaka siku ya mwisho. Kidoti kilikuwa kushoto."

Akainua penseli, macho yamemlowa. "Kushoto kwake, dada, au kushoto kwetu tukimtazama?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nilikuwa na hakika kabisa mpaka alipouliza.