Kadi ya Neno Jipsi

Mchana ule nilikuwa nakamilisha kadi za kamusi yangu, na moja ilinisumbua: ya neno Jipsi. Mchapaji alikwisha kuja mara mbili kuniharakisha. Mwishowe nikaandika, "mzururaji, mwizi", kama nilivyokuta katika vitabu vya zamani, nikaegemea meza, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ambamo majina huelea kama ukungu, yakitafuta watu wa kuwatulia mabegani. Bibi mmoja mwenye sauti ya chini, aitwaye Insafu, alinishika mkono, tukatembea hadi kwenye lango. Mlinzi wake alikuwa Uvumi, mtu mnene mwenye masikio mengi, asiye na macho. Mbele yake alisimama mama aitwaye Mirela, mwanawe mgongoni akitetemeka kwa homa. Tabibu alikuwa ng'ambo ya lango.

"Rudini kwenu Misri!" Uvumi alifoka.

"Misri sijawahi kufika, baba. Watu wa Ulaya walipotuona zamani walidhani tumetoka huko, wakatuita Jipsi, kutokana na Egypt, jina la Kiingereza la Misri. Lugha yetu ina asili ya India. Wenyewe tunajiita Roma. Kwetu rom ni mwanamume, ni mume wa mtu. Nipishe, mtoto anaungua."

Uvumi akacheka. "Sikiliza bi mkubwa anavyojitungia! Mimi nafuata kadi." Akanigeukia, akaninyooshea kadi. "Ewe mwenye kalamu, nisomee, maana mimi sina macho."

Mwandiko ulikuwa wangu: "mzururaji, mwizi". Mirela alinitazama.

"Mwanangu," Insafu aliniuliza taratibu, "maana ya randa ulimwuliza nani?"

"Seremala, bibi."

"Na pimamaji?"

"Mwashi."

"Na neno hili?"

"Niliwauliza waliowafukuza Waroma, kupitia vitabu vyao."

Hakunikemea. "Basi hujamaliza kuuliza."

Mtoto alikohoa. Nikaikunja kadi. "Mwandishi amekosea," nikamwambia Uvumi. "Mpishe." Alinung'unika, lango likaanza kusogea, nami nikaamka kabla sijaona kama walipita.

Jua lilikuwa bado dirishani. Nilielewa kwamba lile lango nililijenga mimi, kwa maneno mawili tu. Nikayafuta, nikamwomba mchapaji asubiri, kisha nikaanza barua kwa chama kimoja cha Waroma: "Ndugu zangu, nisameheni kwa kuchelewa kuwauliza."