Devagandhari ya Ninahazwe

Ninahazwe alijifunza kuhesabu tala, mzunguko wa mapigo unaoongoza wimbo, ndani ya treni. Kila alipotoka kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee kule Campbelltown, alikaa dirishani akapiga paja lake: kofi, kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, kofi, geuza kiganja, kofi, geuza kiganja. Mapigo manane, kisha upya. Abiria walimtazama kama mtu mwenye mashetani. Mwaka wa kwanza wote hakuweza kuimba mstari mmoja bila mkono kuitangulia sauti, na mara nyingi alishuka Guildford macho yakiwa mekundu kwa kulia.

Mwalimu wake, Thilaga, alikuwa mjane Mtamili kutoka Jaffna, Sri Lanka. Alifundisha uimbaji wa Karnatiki, muziki wa kale wa India Kusini, sebuleni kwake Guildford. Ninahazwe na mumewe Vénérand, Warundi waliokuja Sydney kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, walipanga ghorofa ya juu yake. Ninahazwe alizisikia sauti za wanafunzi zikipanda ngazi, akashuka kuuliza, akabaki. Alikuwa mtu mzima pekee katikati ya watoto wa shule.

Kilichomshinda zaidi baada ya tala ni raga mbili, miundo ya sauti ambamo nyimbo hujengwa: Arabhi na Devagandhari.

"Anti, mbona noti ni zile zile?" aliuliza. "Kupanda zile zile, kushuka zile zile. Tofauti iko wapi?"

"Iko katika mwendo," Thilaga alisema. "Arabhi inataka noti zinyooke, zipite upesi. Devagandhari inataka sauti ikawie, itikisike, isite kabla ya kufika. Ngazi ya noti si raga, mwanangu. Ukiimba noti sahihi kwa mwendo usio wake, umeimba raga nyingine."

Ninahazwe aliimba, akasahihishwa, akaimba tena, miezi na miezi, akiosha vyombo, akianika nguo. Jumamosi moja mwalimu aliacha kumsahihisha. Alifumba macho tu, akasikiliza hadi mwisho.

Ndiyo maana mwaka 2007, chama cha muziki cha mtaa kilipoandaa tamasha huko Parramatta, Thilaga alimwandikisha kuimba Devagandhari.

Siku ya mazoezi ukumbini, mwenyekiti, Bwana Kanagaratnam, alimsikiliza kidogo, kisha akainua mkono.

"Vizuri, vizuri sana," alisema. "Lakini raga tunao vijana wetu wengi wa kuimba. Wewe tumekuwekea kitu maalumu." Akaburura ngoma ndefu kutoka nyuma ya pazia. "Ngoma ya Afrika! Watoto wataimba, wewe utawapigia. Nyinyi mapigo mnayo damuni, hamhitaji hata kufundishwa."

"Nimefundishwa," Ninahazwe alisema. "Muulize anti. Nilifundishwa nikalia."

Mwenyekiti akacheka, akidhani ni mzaha.

"Na hiyo si ngoma ya kwetu," aliendelea. "Hiyo ni ya Afrika Magharibi. Kwetu Burundi ngoma hupigwa na wanaume. Mimi sijawahi kugusa ngoma tangu nizaliwe. Nimekuja hapa kuimba."

"Usikasirike, dada. Ni heshima tunakupa."

Ninahazwe alimgeukia mwalimu wake. Thilaga alikuwa akikunja upindo wa sari yake, macho chini.

Ninahazwe alichukua mkoba wake akatoka.

Nyumbani, Vénérand alijaribu kumpoza. "Piga tu, mama. Ni dakika tano. Watu watakupigia makofi."

"Watampigia nani?" alifoka. "Si mimi. Watampigia huyo Mwafrika waliye naye kichwani. Miaka yote hii ya kujifunza, wanasema ni damu! Na pale ambapo damu haiwasaidii kueleza, kwenye raga, wanasema si yangu. Basi changu ni kipi?"

Vénérand akainjika chai.

Jioni Thilaga alipanda ngazi, pole pole kwa sababu ya magoti. Alikataa kiti.

"Niliogopa," alisema. "Yeye ndiye anayetupa ukumbi."

"Anti, nikikosa pigo moja unanisahihisha mbele ya watoto wote. Leo mtu amekosea kila kitu, ukanyamaza."

Mama wa watu alisimama pale mlangoni. Kisha akaomba simu. Alizungumza na mwenyekiti kwa Kitamili, mwanzoni kwa upole, halafu kwa sauti ambayo Ninahazwe hakuwahi kuisikia hata darasani. Alipokata simu alimgeukia Ninahazwe.

"Anasema ratiba imeshachapwa. Nimemwambia afute na majina ya wanafunzi wangu wote."

Tamasha lilifanyika bila wao. Mwenyekiti alieneza habari kwamba Thilaga anaringa, na wazazi wawili wakawahamisha watoto wao. Jambo hilo lilimchoma Ninahazwe upya. Kwamba mama mzee alipe kwa kusema ukweli aliochelewa kuusema!

Mwaka uliofuata Bwana Kanagaratnam mwenyewe alimpigia Ninahazwe simu, sauti tamu, akamwomba ashiriki.

"Andika jina langu na jina la raga," Ninahazwe alimjibu. "Basi. Afrika usiiandike, ngoma usiilete."

"Nitaona," alisema mwenyekiti.

Hakupiga tena. Ninahazwe sasa anajifunza tala ya mapigo saba, na ndani ya treni mkono wake unakosea karibu kila kituo.