Pampu Ilipovuta Hewa

Mkunga alikuwa anaosha mchele ndani ya mashua, kiuno kakiegemeza kwenye kabati asiyumbe, pampu ya maji ilipokohoa ikatema hewa. Akabonyeza tena. Hewa tu.

"Mdogo wangu," alimwita fundi friji, aliyekuwa juu ameshika usukani. "Tangi si ulilijaza?"

"Lilifurika, dada."

Fundi alifunga usukani kwa kamba, akashuka, akafunua mbao za sakafu. Kule chini kabisa ya mashua maji yalikuwa yanachezacheza. Alichovya kidole, akalamba. Uso ulimshuka. Hayakuwa na chumvi. Tangi lilikuwa limepasuka ubavuni, na pampu ya kutoa maji machafu, ile inayojiwasha yenyewe, ilikuwa ikimwaga baharini maji yao ya kunywa huku wao wakiisifu kwa kuchapa kazi.

"Haya yaliyobaki je?"

"Yana dizeli. Labda uwe jenereta."

Hakuna aliyecheka. Yalibaki madumu mawili, upepo ulikuwa hafifu, na mafuta ya injini yasingewafikisha popote.

Wakaanza kupimiana kwa kikombe. Mkunga alikuwa akiamka usiku kuyashika madumu, kama yangeweza kutoroka. Ndipo alipoona kwamba mdogo wake midomo imempasuka na macho yameingia ndani.

"Hujakojoa tangu jana."

"Dada, mengine niachie mwenyewe."

"Kikombe chako unakirudisha kwenye dumu?"

Fundi akatazama pembeni. "Tangi nililifunga mimi."

"Na ukizimia, nani atatufikisha? Mimi najua kuzalisha, tanga silijui. Kunywa nikikuona."

Alikunywa. Dada yake hakuondoa macho kooni pake mpaka kikombe kilipokauka.

Kesho yake wingu zito liliwajia. Walishusha tanga nusu, wakalikunja chini likawa kama mfereji. Mvua ilipoanza, mkunga alikimbilia ndoo.

"Bado," fundi alisema. "Tanga limejaa chumvi. Acha lioshwe kwanza."

Maji yakapita miguuni pao, yakarudi baharini. Mkunga aliikumbatia ndoo. "Na ikikatika?"

Fundi alikinga kiganja, akaonja, akatema. "Bado."

Upande wa pili mbingu zilikuwa zimeanza kung'aa. Akaonja tena. Safari hii alimeza.

"Weka."

Walijaza dumu moja na nusu ya la pili, kisha mvua ikakata ghafla kama ilivyokuja. Hayakuwa mengi, ila upepo uliofuata nyuma yake ulikuwa wa haja, nao wakafika bandarini bado wana maji ya kutikisika.

Gatini palikuwa na bomba. Mkunga alikunywa hadi tumbo likamuuma. Fundi alilifungua bomba, akaweka mkono chini yake, kisha akalifunga haraka kwa woga.

"Yaache yatoke kidogo," dada yake alimwambia.

Alilifungua tena, ila mkono hakuutoa kwenye koki.