Siku Tulipoifunga Njia ya Wazawa

Kazi yangu ni kusema karibu. Mchana naisema kwa mshahara, kwenye meza ya mapokezi ya kliniki ya macho, kwa watu wanaolisoma bango la mlangoni wakiwa wameligusa kwa pua. Jioni naisema bure, Sebuleni.

Sebuleni ni mtandao wetu wa kijamii, na hauna tajiri. Tuliuanzisha watatu: mimi, fundi anayetutengenezea printa za kliniki, na mwalimu mstaafu wa jiografia tunayemwita Ramani. Fundi alifufua kompyuta iliyotupwa na ofisi fulani, akaiweka juu ya kabati kwake, na hiyo ikawa nyumba ya watu wa nchi yetu, walio ndani na walio nje, wanaotaka kupiga soga kwa lugha yao bila kuuziwa viatu kila wakitikisa kidole. Ziko nyumba nyingi kama hiyo duniani, kila moja ina wenyewe na sheria zake, na kati yake kuna njia, kwa hiyo mtu wa nyumba hii anaweza kumfuata na kumjibu mtu wa nyumba ile. Mimi nilipewa kazi ya kupokea wageni, maana Ramani akimkaribisha mtu humwuliza kwanza mji mkuu wa huko aliko.

Wa kwanza kumwandikia karibu alikuwa mama yangu. Nilimleta kwa sababu ya mdogo wangu.

Mdogo wangu yuko ughaibuni, anapanga makasha kwenye ghala. Baba alipofariki hakupata ruhusa ya kuja kuzika. Tukasema maneno, naye akasema yake, na tangu hapo hapokei simu ya nyumbani. Lakini mtandaoni anaandika kila siku, kwenye nyumba ya wenzetu walioko huko wanaojiita Wazawa. Anapiga picha viatu vyake, chai yake, dirisha lenye theluji. Mama alimfuata kutoka Sebuleni. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, alishika simu na kumtafuta. "Leo kavaa soksi mbili," ananitangazia kama taarifa ya habari. "Kakonda. Hapana, ni picha tu." Kisha anabonyeza ile nyota ya kuonyesha umependa. Mdogo wangu hakuwahi kumjibu, ila hakumfungia nje pia, na kwa mama hayo yalikuwa mazungumzo. Nilimwonea huruma mpaka nikawa namkasirikia.

Kisha akaja msusi. Aliandika kwamba amezaliwa hapahapa, ila wazazi wake walivuka mpaka kwa miguu wakikimbia vita, na anaomba kujua kama Sebuleni ni kwa watu kama yeye pia. Hasira zilinipanda, si juu yake, juu ya yeyote aliyemfundisha kuomba ruhusa ya kukaa kwao. Nikamwandikia: "Karibu dada, kaa popote." Akaanza kutuwekea picha za misuko na visa vya wateja wanaokuja saluni na nywele zisizojaa kiganja wakitaka zifike kiunoni. Watu wakampenda.

Wazawa hawakumpenda. Walimiminika kwenye ukurasa wake. "Rudi kwenu." "Sebule imegeuzwa kambi." Mmoja akaandika mtaa ilipo saluni yake. Ramani aliwaandikia wasimamizi wao kwa adabu zote za ualimu. Wakaibandika barua yake hadharani wakaicheka. Tukawa tunawazuia mmoja mmoja, na ukimzuia mmoja wanakuja watatu. Mwisho msusi akaniandikia kwamba anaondoka. "Msigombane na ndugu zenu kwa ajili yangu," alisema. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu hata mgeni hakuwa. Nikamwomba asubiri mpaka Jumamosi, tutakapokutana sisi watatu.

"Tuifunge njia yote," fundi akasema.

Njia ikifungwa, kila uzi kati ya nyumba hizo mbili unakatika, wa mwovu na wa mwema, na uliyekuwa ukimfuata kule humwoni tena. Lakini mtu anaweza kuhama na akaunti yake akaja upande wa pili. Kwa hiyo nilimwandikia mdogo wangu faragha: "Hamia kwetu. Kwa ajili ya mama." Nikarudi kwenye ukurasa wa msusi kukusanya ushahidi, na hapo nikamkuta. Jina lake, na picha yake ya viatu. Alikuwa amemwuliza msusi: "Kwenu ni wapi hasa?" Chini yake wenzake wanaangua kicheko.

Yeye! Anayeulizwa swali hilohilo na kila bosi anayepita ghalani, na mwenyewe aliwahi kuandika kwamba limemchosha roho. Mkuki kwa nguruwe. Nilipiga meza mpaka mgonjwa aliyekuwa kwenye foleni akasimama akidhani ameitwa. Halafu nikalia, palepale mapokezi, na daktari akapita akaniuliza kama nimeingiwa na vumbi.

Jibu la mdogo wangu lilikuja mchana huo. "Siwezi kuhama, dada. Hawa ndio walionipokea nilipofika, wakanipa koti. Nyinyi mlinipa lawama."

"Na yule msusi kakukosea nini?"

"Ule ulikuwa utani tu."

Niliisoma tena ile ya koti, nikaifunika simu, nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Jumamosi fundi na Ramani walikuja nyumbani kwetu kupiga kura. Wote wawili walitaka kufunga. Mimi niliomba nipewe muda, na hawakunisukuma, maana habari za mama walizijua. Nikaenda kumwona chumbani, alikokuwa anakunja shuka, nikamsomea yote, pamoja na lile la mwanawe. Nilitegemea amtetee. Nadhani nilitaka amtetee.

"Hebu lisome tena hilo swali," alisema.

Nikalisoma.

"Huyo binti ana mama?"

"Anaye. Wanaishi pamoja."

"Na mama yake anayaona haya?"

"Sijui, mama. Labda."

Aliikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. "Basi fungeni."

"Hutamwona tena, mama. Hata viatu vyake."

"Nimesikia, mimi si kiziwi." Akakaa kitandani. "Atajua ni wewe uliyefunga?"

"Atajua. Si mimi ninayeshika mlango?"

"Mwambie ni mimi. Mwambie mama ndiye kasema."

"Mama, siwezi kukutwisha hilo."

"Mimi ni wa leo na kesho. Nikiondoka mtabaki wawili tu, wewe na yeye. Akinichukia mimi, ipo siku atalisamehe kaburi. Wewe asikuchukie." Aliponiona sisogei, akapandisha sauti: "Andika!"

Nikaandika, yeye ameketi ubavuni pangu, bega lake likigusa langu. Niliandika kwamba tunafunga, na kwamba aliyeamua ni mama. Mdogo wangu alikuwa hewani, akajibu hapohapo: "Kama ni yeye, basi mwambie alitupoteza siku ileile moja, mimi na baba. Asinitafute tena."

Niliibana simu kifuani. Kutoka sebuleni fundi akauliza kama aendelee. Nikamwambia aendelee, na nikasikia kibodi yake ikigonga mara chache. Moyo wangu ulivunjika, wala sina namna nyingine ya kulisema hilo.

"Kajibu?" mama akauliza.

"Kajibu."

"Kasema nini?"

Alikuwa ananitazama mdomoni. Nilitafuta neno lolote ambalo mtoto anaweza kumwambia mama yake, nikapata moja tu.

"Kasema shikamoo."

Mama akanyoosha mgongo, akaigeukia simu niliyokuwa nimeibana kifuani.

"Marahaba," akaiambia. "Marahaba, mwanangu."