Nyumba za Wanaume Tisa

"Dada yangu, wewe toboa kadi tu. Kufikiri tuachie sisi," alisema Dakta Cleopas.

"Sawa, Dakta," Ayot aliitikia, akaketi mbele ya mashine ya kutobolea kadi. Moyoni alikuwa akimwomba Mungu amvunje mtu huyu, tena amvunje mbele ya watu.

Ayot hakuwa mtoboa kadi. Alikuwa mtafiti, na utafiti huo ulikuwa wake. Ni yeye aliyezunguka vijiji vya kaskazini akiuliza kila nyumba ina watu wangapi, wanaume wangapi, wanakula nini. Ni yeye aliyeandika, kwa lugha ya Fortran, programu ya kuyahesabu majibu kwenye kompyuta ya Taasisi ya Kaya, pale juu ya mtaa wa Wandegeya. Kisha kaka yake Opoka, sajini wa jeshi, akatolewa kambini, akatiwa kwenye buti la gari, asionekane tena. Ayot akaenda Kitgum, kwao kaskazini, kulia na mama yake msiba usio na maiti. Aliporudi, utafiti ulikuwa na mwenyewe mpya.

"Jina la mtu wa ukoo wa yule sajini kwenye ripoti ya serikali?" Cleopas alikuwa amemwambia mkurugenzi. "Tutachukuliwa sote."

Mwaka ule wa sabini na nne, programu ilikuwa bunda la kadi ngumu, kila mstari na kadi yake. Kadi iliyoanza na herufi C, mashine iliiruka. Hayo yalikuwa maneno ya binadamu kwa binadamu mwenzake. Kwenye kadi hizo Ayot alikuwa ametoboa jina lake, na chini ya jina, maana ya alama alizozitumia. Cleopas alizichomoa zote akazitupa ili jina lipotee. Hakujisumbua kuzisoma. Mojawapo ilisema: tisa maana yake hakujibu. Na kadi ya kuiamuru mashine iziache hizo tisa, Ayot alikuwa hajaitoboa bado alipoitwa msibani.

Rehemah, mtoboa kadi kutoka Kibuli, ndiye aliyemletea karatasi za majibu zikiwa bado na joto la mashine.

"Ebu tazama. Kila nyumba wanaume sita kwa wastani! Kule kwenu mnalala wima?"

Ayot akatazama. Akaelewa mara moja.

"Amezihesabu tisa kama watu."

"Yaa Allah. Haya, kamwambie."

"Simwambii. Wiki ijayo anasoma ripoti mbele ya maprofesa. Acha aisome yote mpaka mwisho, ndipo nisimame nimvue nguo."

"Na wewe mtu wa sala, dada Ayot?"

"Hilo ndilo ninaloliombea, Rehemah. Asubuhi na jioni."

Na ni kweli aliliomba. Alipiga magoti saruji ikamchubua, akimkumbusha Mungu kila siku, kama mtu anayeogopa kwamba faili lake limewekwa chini ya mengine.

Siku ya ripoti ilipofika, ukumbi ulijaa. Cleopas alivaa suti ya kijivu. Ayot alikaa safu ya nyuma na Rehemah, mikono imetulia mapajani, maneno yake yako tayari mdomoni. Kabla Cleopas hajafungua kinywa, mlango ukasukumwa. Akaingia kapteni wa usalama na askari wawili, mkononi ana karanga ndani ya gazeti lililosokotwa. Mkurugenzi akamwachia kiti chake.

"Endelea," Kapteni alisema akitafuna. "Lakini Kizungu hapana. Sema Kiswahili, mimi nasikia."

Cleopas akasoma. Alipofika kwenye wanaume sita kwa kila nyumba, akatabasamu. "Ni desturi yao, afande. Watu wa kule wanaishi kwa ukoo mzima."

Kapteni akaacha kutafuna.

"Ngoja. Ingine iko na ngapi?"

"Nyingi zina tisa, afande."

"Wanaume tisa, nyumba moja." Kapteni aliwageukia askari wake. "Sisi natafuta watu walikimbia kambini, natafuta porini. Kumbe iko nyumbani, nakula. Dakta, hii vijiji unajua majina?"

"Yote tunayo, afande! Naweza kukuletea sasa hivi."

Rehemah alimshika Ayot mkono.

Ayot alimwona Alal akilini. Alal alikuwa mama wa kijijini aliyempa kibao cha kukalia na kumpakulia simsim, ule ufuta wa kusaga. Alipoulizwa nyumba yake ina wanaume wangapi, alitazama mlangoni, akanyamaza, machozi yakamtoka bila sauti. Ayot alikuwa ameandika tisa. Kule, kila tisa ilikuwa Alal mwingine. Sasa magari yangekwenda kuwatafuta wanaume ambao magari hayohayo yalishawachukua.

Akasimama. Maneno aliyoyaandaa yote yalimtoroka.

"Afande, hao wanaume hawapo. Tisa ni alama. Tulikuta milango imefungwa, wenyewe wako shambani, tukaandika tisa."

Alidanganya, na hakuona aibu.

"Anasema uongo!" Cleopas alipiga kelele. "Afande, huyu ni mtoboa kadi tu, na kaka yake..."

"Kaka yangu tumwache," Ayot alisema, sauti ikapanda. "Dakta, lisome hilo jedwali. Nyumba zenye mwanaume mmoja?"

"Zipo."

"Wawili? Watatu? Wanne?"

"Zipo."

"Watano? Sita?"

Cleopas akapekua. "Hakuna."

"Saba? Nane?"

Akapekua tena.

"Hata moja hakuna. Watu wanatoka watatu, wanne, halafu wanaruka mpaka tisa, katika wilaya nzima? Nani anazaa hivyo?"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Kapteni alimnyang'anya Cleopas karatasi, akaifuata kwa kidole, midomo ikichezacheza.

"Kweli," alisema hatimaye. "Hii hapana watu." Akamtazama Cleopas, kisha Ayot. "Mama, wewe najua yeye. Sema. Huyu dakta nataka danganya serikali, ama ni mjinga? Ni mwongo ama ni mjinga?"

Nje, gari lilikuwa likinguruma. Kila mtu alijua buti la gari lile ni la nini.

"Dada Ayot," Cleopas alinong'ona. Jasho lilikuwa limeipenya suti.

Mwongo. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na lilikuwa tamu. Tena lilikuwa kweli. Alimwacha Cleopas asubiri. Alimwacha ausikilize mngurumo wa gari, ayaonje aliyoyaonja Opoka.

"Mjinga, afande," alisema. "Mjinga kabisa. Hawezi kusoma kazi aliyoiba."

Kapteni alicheka mpaka karanga zikamwagika. "Dakta! Sema wewe mwenyewe."

"Mimi... mjinga, afande."

"Hawa ya nyuma hapana sikia."

"Mimi mjinga!"

Kapteni akachana ukurasa wa ripoti, akafungia karanga zake, akatoka.

Kesho yake Cleopas alikuja chumba cha mashine, macho mekundu.

"Umeniokoa, dada. Sijui niseme nini."

"Usiseme. Keti." Ayot alimvutia kiti. "Toboa kadi. Anza na C."

Alitoboa kwa kidole kimoja, Rehemah akitazama bila kujificha. A. Y. Akakosea, Ayot akamwanzisha upya kwa kadi mpya. Mara ya tatu jina likatimia.

Jioni Ayot alipiga magoti mahali pake pa siku zote. Aliomba msamaha kwa uongo wa milango iliyofungwa, ingawa hakuujutia. Kwa Cleopas hakuomba msamaha wala hakumsamehe.

"Baba," aliomba, "mtumishi wako Cleopas umpe maisha marefu. Umpe afya njema. Na zaidi ya yote, Bwana, usimpunguzie kumbukumbu."