Mguu wa Bi Birika

"Karatasi namba saba ilipotelea wapi?" aliniuliza yule binti wa filamu, na kamera ikanikodolea jicho lake moja.

Nilikuwa nimeshabadilisha mkao mara nne. Kiti hakikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekuwa sitosheki nacho. Nilivua miwani, nikaivaa. Niliomba maji, yakaletwa, sikuyanywa. Nyuma yangu cherehani ya dada yangu iliendelea kunguruma taratibu, utadhani hakuna wageni ndani ya nyumba.

Binti alikuwa anatengeneza filamu ya makala kuhusu katuni yetu, jinsi ilivyozaliwa na jinsi ilivyopendwa. Kama ulikuwa mtoto katika miaka kumi na tisa hii, Bi Birika unamjua: birika jeusi lenye miguu miwili, linalopiga hatua mbili na kuchechemea ya tatu, na kila likichechemea kifuniko kinalia kling! Watoto walikwenda shule wakitembea hivyo. Hata watu wazima walitembea hivyo wakidhani hakuna anayewaona. Chifu, mkuu wa karakana yetu ya katuni, alikiri mwenyewe mbele ya kamera kwamba hadithi zake zilikuwa za kawaida tu. Kilichowavuta watu ni ule mwendo.

Na mwendo niliuchora mimi. Karakanani waliniita Kifutio, kwa sababu nilikuwa nafuta zaidi kuliko nilivyochora.

Kisa cha karatasi namba saba kilikuwa kimeshazoeleka. Kila mwendo tuliuchora kwa mkono kwenye karatasi kumi na mbili, kila moja na namba yake pembeni. Nilichowaambia watu ni kwamba ya saba ilidondoka, picha zikapigwa bila hiyo, na Bi Birika akatokea akichechemea. Magazeti yalikipenda kisa hicho. Chifu alikisimulia kwenye kila sherehe, na kila mara karatasi ilidondokea mahali pengine: mtaroni, kwenye ndoo ya rangi, safari moja ikaliwa na mbuzi.

Ulikuwa uongo mtupu, na niliutunga mimi.

Mchoraji wa katuni hutembea kwanza yeye mwenyewe, ndipo achore. Husimama mbele ya kioo, akaigiza, akajitazama. Kioo cha karakanani kilikuwa kidogo cha kunyolea ndevu. Lakini dada, fundi cherehani, alikuwa na kioo kirefu cha wateja wanaojaribu nguo. Mchana mmoja alikwenda kununua vifungo. Nikajiweka mbele ya kioo chake, nikatembea kama yeye.

Dada anachechemea tangu utotoni. Homa ilimwachia mguu mmoja dhaifu. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenilea. Mwendo wake niliujua kabla sijajua kusoma: nikiusikia unakaribia mlango, nilijua inakuja sahani au linakuja kofi. Nilimpenda mno. Kwa hiyo birika lilipokataa kutembea wiki tatu nzima, mwili wangu ulichukua mwendo uliokuwa karibu nao.

Katuni ikaanza kuonyeshwa. Hata mwezi haukuisha, watoto wa mtaani wakawa wanamfuata dada wakichechemea nyuma yake. "Bi Birika! Kling!" Siku ya kwanza aliingia ndani, akaweka kapu mezani, akakaa kwenye cherehani bila kunisalimia. Kesho yake nikamwambia Chifu kuhusu karatasi iliyopotea. Nilijidanganya kwamba namlinda dada. Nilikuwa najilinda mimi, maana sikuwa na mtu mwingine duniani, na niliogopa asije akaacha kuniita mdogo wake.

"Tunakusubiri wewe tu," binti alisema kwa upole.

Cherehani ikanyamaza. Labda ni ule ukimya ulionishinda.

"Haikupotea karatasi yoyote," nilisema. "Zote kumi na mbili ziko sandukuni chini ya kitanda changu. Ule mwendo ni wa dada yangu huyu. Niliuchukua bila kumwambia, kisha nikaogopa."

Sikuthubutu kugeuka.

"Najua," dada alisema.

"Unajua nini, dada?"

"Nilisahau mkoba siku ile, nikarudi. Nikakuona kwenye kioo changu unachechemea, ulimi nje, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Nikatoka polepole. Nilicheka njia nzima mpaka dukani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Nikadhani itachukua wiki. Mara nasikia habari za karatasi." Alikata uzi kwa meno. "Wale watoto hata sikuwajali. Nilishachekwa kabla hujashika penseli, na wale angalau walikuwa na furaha. Wewe ndiye uliyeniumiza, mdogo wangu. Ulikwenda kuwaambia watu wote kwamba mwendo wangu ni kosa."

Miaka kumi na tisa tumekula meza moja, nimemshikia taa akidarizi, nimemsifia kila gauni, na hilo amekaa nalo.

"Nisamehe, dada," nilisema.

Binti alimuuliza kama angependa kutembea kidogo mbele ya kamera. Nilitaka kumkatalia kwa niaba yake. Lakini dada alikuwa ameshainuka, anakung'uta vipande vya nyuzi kwenye sketi. Akatembea kutoka kwenye cherehani mpaka kwenye kioo, hatua mbili na ile ya tatu. Alijitazama, kisha akanitazama mimi humo kiooni.

"Halafu hata mguu wenyewe ulikosea," alisema. "Wangu ni wa kulia. Bi Birika umemchorea wa kushoto."

Nilikuwa nimechora nilichokiona kwenye kioo, na kioo kiligeuza. Miaka yote ile hakuna aliyegundua isipokuwa mwenye mguu.

Binti aliuliza kama azime kamera. Dada akamwambia asizime. Aliondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia, akatandaza karatasi ya vipimo, akanitafutia penseli kwenye kopo la mikasi.

"Chora," aliniambia. "Na usifute."